Mtoto wa wiki 8 ana siku ya 5 hajapata choo, mama mkwe anataka kumwekea sabuni

Mama K: Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Mwanangu ananyonya maziwa yangu tu, hata maji sijampa. Mwezi wa kwanza kila akinyonya anachafua nepi, sasa siku ya 5 kimya. Anajamba, ananyonya, anacheka, ila kuna wakati anajikunja na kugugumia mpaka namwonea huruma. Mama mkwe amechonga kipande cha sabuni ya mche, chembamba kama kidole cha mtoto, amekifunga kwenye pindo la kanga anangoja niseme ndiyo amwekee njia ya haja kubwa. Amenilea vizuri tangu nijifungue, sitaki kumvunjia heshima.

Baba Wawili: Pole shemeji. Wa kwetu alikaa siku 8. Kilipotoka kilikuwa laini kama uji, kikafika mgongoni.

Nesi wa Zamu: Mama K, choo kikiwa laini hakuna kufunga choo hapo, hata zikipita siku kadhaa. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana nao huanza kujikaza na kusukuma; ndiyo maana hata mtu mzima akimaliza chai ya asubuhi anatafuta msalani. Kwa kichanga jambo hilo lina nguvu sana, ndiyo zile nepi za kila akinyonya. Kuanzia wiki ya 6 hivi mwendo unatulia, na maziwa ya mama hubakiza mabaki kidogo mno, kwa hiyo wengine hukaa hata wiki nzima. Kule kujikunja ni kwamba bado hajajua kusukuma huku akilegeza njia kwa wakati mmoja. Atajifunza mwenyewe.

Niambie: choo cheusi cha kwanza kilitoka lini? Na uzito?

Bi Mkubwa: Sisi wote tuliwekewa sabuni na tumekua.

Nesi wa Zamu: Shikamoo bibi. Ni kweli choo hutoka, lakini ni kwa sababu sabuni inawasha na kuchubua ngozi laini ya ndani. Nimewahi kumsafisha mtoto mwenye kidonda cha namna hiyo, alilia kila alipojisaidia.

Mama K: Cheusi kilitoka usiku uleule wa kuzaliwa. Alizaliwa na kilo 3.2, kliniki ya wiki 6 alikuwa 4.6.

Nesi wa Zamu: Basi anashiba huyo. Mnyonyeshe, mkunjie miguu tumboni taratibu kama anaendesha baiskeli. Asipewe maji wala dawa ya tumbo. Ila akitapika kijani, tumbo likivimba na kuwa gumu, akikataa kunyonya, akiwa na homa au ukiona damu, usingoje kuche, kimbia hospitali. Na mama mkwe mchukue muende naye kliniki, asikie mwenyewe mbele ya mizani.

Mama K: Asante sana dada. Nimemwomba tuongozane kesho asubuhi, amekubali. Choo bado. Nitaleta mrejesho.