Baruti za machimbo zinapasua nyumba yangu, nianze na ukuta au madirisha?

Mama Wawili: Wakuu habari za jioni. Nyumba yangu ni ya tofali za saruji, vyumba vitatu. Machimbo ya kokoto yako kama mita 400, na mwaka huu wanapiga baruti kila Alhamisi. Vioo vinalia, na sasa kuna ufa wa mshazari umetokea pembe ya dirisha la sebuleni. Fundi anasema tuzibe tupake rangi. Nina hela ya kazi moja tu. Tena watoto wakisikia kishindo hukimbilia dirishani.

Nondo16: Dada, usizibe! Ufa wa namna hiyo huletwa na mtikisiko wa ardhi, ila hata msingi ukititia hutokea uleule. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, piga picha na rula pembeni. Ukirefuka siku za baruti, nenda kwa Afisa Madini Mkazi uombe mtikisiko upimwe hapo kwako. Ukirefuka na mvua, angalia msingi.

Chuma Chakavu: Na fundi akipaka rangi sasa, ushahidi umekwenda.

Babu Kajiado: Ukuta mmeumaliza. Mimi nina hofu na hao watoto. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya bomu la ubalozi wa Marekani kulisikika mlipuko mdogo. Watu maofisini wakasogea madirishani kuchungulia, na lile kubwa likawakuta hapo. Wengi walipofuka kwa vioo. Jengo la Ufundi, la jirani na ubalozi, liliporomoka, ubalozi wenyewe ukabaki umesimama. Zege lenye nondo za kutosha hupinda na kupasuka kabla halijaanguka. Kioo hakipindi, kinakwenda mara moja. Na wimbi la mlipuko likishasukuma, hewa hufyonza kurudi nyuma, kwa hiyo vipande huruka ndani na nje.

Nondo16: Kweli, ingawa tusimtishe. Baruti ya machimbo hufukiwa ndani ya mwamba, upepo wake ni mdogo mno kuliko wa bomu. Lakini kioo kilicholegea kwenye fremu hakihitaji mengi. Dada, hela yako inunue plastiki ngumu ya kubandika kwenye vioo vya sebule na chumba cha watoto. Kikivunjika, vipande vinashikana.

Mama Wawili: Mungu awabariki. King'ora hulia saa nane mchana. Kesho Alhamisi, watoto watakuwa jikoni uani. Penseli ninayo.