Ukoo wa Babu Elia, Jumapili jioni

Mamdogo: _Imesambazwa mara nyingi_
"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani." Yeremia 29:11. Tuma kwa watu 12, ndani ya siku 7 mlango unafunguka 🙏🙏

Upendo: Aminaaa

Baraka: Shikamooni wazee. Mamdogo, za hivyo nimeshatuma mpaka nimechoka. Siku 90 za amri ya Marekani ya tarehe 20 Januari 2025 ya kusimamisha misaada ziliisha Aprili, tukaambiwa tusubiri. Ijumaa tumerudisha kompyuta na funguo za gari. Mradi umefungwa. Wagonjwa wangu wa Makete wanaoacha dawa sijui nani atawafuatilia.

Mamdogo: Marahaba mwanangu, pole sana. Basi panda mbegu. Kuna mtumishi namfuatilia mtandaoni, laki mbili tu na watu wanashuhudia.

Joshua: Laki mbili kwa mtu asiye na mshahara 🙄

Mamdogo: Joshua usikufuru

Shangazi Aikande: Bwana Yesu asifiwe. Ndo natoka kwaya. Mdogo wangu, huo mstari hata mimi naupenda, ila panda juu kidogo usome wa 10. Miaka 70! Ni barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli. Na sura ya 28 yumo nabii Hanania, yeye aliahidi miaka 2 tu mambo yote yanarudi. Nani asingempenda huyo? Akafa mwaka uleule.

Joshua: 😳

Baraka: Shangazi, sasa miaka 70 inanifariji nini na ada ya muhula iko mlangoni?

Shangazi Aikande: Upesi haikufariji. Soma wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake; kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, wazae, waombee hata huo mji wa ugenini. Na hakuna aliyewakataza kulia, Zaburi 137 ni kilio kitupu. Baba yako alipopunguzwa kiwandani enzi za ubinafsishaji, miezi ile sikumwona akicheka hata siku moja. Lakini ibada ya kwanza yumo, suti ileile, akitoka hapo anapalilia kahawa.

Baraka: Kuomba kwenyewe nimeshindwa. Nikifumba macho naona mkopo wa benki.

Shangazi Aikande: Usitafute maneno. Sema Baba Yetu, basi. Na siku hata hiyo ikikushinda tutaisema sisi kwa niaba yako, ushirika ni wa nini?

Mjomba: 🎤 4:12

Upendo: Mjomba andika, bando limekata

Mjomba: BARAKA NSSF UMEENDA? KUNA FAO LA KUKOSA AJIRA, KARIBU THELUTHI YA MSHAHARA MIEZI 6. BARUA YA KUSITISHIWA MKATABA UNAYO

Baraka: Ninayo mjomba

Mjomba: KESHO ASUBUHI. NA BIMA YA WATOTO UULIZE INAISHA LINI

Mamdogo: Baraka, ile laki mbili nilikuwa nakutolea mimi, sio utoe wewe. Basi naituma kwako. Namba ni ileile?

Baraka: Ileile mamdogo. Sina la kusema.

Joshua: Mamdogo umetisha 👏

Mamdogo: Na wewe tuma ya kwako, mdomo tu

Shangazi Aikande: Saa tatu simu ya kikundi, Zaburi 46, Upendo atasoma. Mjomba ukishasalimia zima maiki, juzi tumesikiliza mbuzi sala nzima.

Mjomba: WALIKUWA WANAITIKIA