Rubai ya «Rudi, rudi»: tuendelee kumpa Rumi?

Mpenda Hati: Ndugu zangu, juzi nimepokea kadi ya harusi yenye beti hizi, na chini yake jina la Jalal al-Din Rumi, yule mshairi sufi wa Kiajemi: «Rudi, rudi, vyovyote ulivyo, rudi, uwe kafiri, Mmajusi au mwabudu sanamu, rudi, mlango wetu si wa kukata tamaa, hata ukiwa umevunja toba mara mia, rudi.» Rumi alifariki Konya mwaka 1273, na rubai hii, yaani shairi hili la mistari minne, haimo katika hati kongwe za diwani yake. Wapo wanaompa sufi Abu Said Abul-Khayr, aliyefariki mwaka 1049, na wapo wanaompa mshairi Baba Afdhal wa Kashan. Je, tuendelee kumpa Rumi?

Binti Mvita: Kabla ya hati, nina neno na tafsiri yako. Kadi zote nilizoziona husema «Njoo, njoo». «Njoo» humkaribisha yeyote. «Rudi» huambiwa mtoro. Nani amekupa ruhusa ya kuufunga mlango ambao mtunzi, awe nani, aliuacha wazi?

Mpenda Hati: Kiajemi chenyewe, dada yangu. Neno ni «baz a», yaani rudi, na mstari wa mwisho unataja toba, ambayo maana yake ni kurejea. Tukiweka «njoo», toba iliyovunjwa mara mia inabaki haina pa kukaa.

Mzee wa Tanga: Nyinyi watu wa hati mnamvua maiti sanda ili msome chapa ya kiwanda. Liyongo naye amebebeshwa tungo ngapi, na nani amepungukiwa?

Binti Mvita: Shikamoo mzee, lakini Liyongo mwache alipolala. Kwetu mtunzi wa utenzi mara nyingi hujitaja mwishoni, na wengine hutia na mwaka. Kwa hiyo asiyejitaja tuna haki ya kumuulizia.

Msomaji wa Shiraz: Hapo ndipo penyewe. Ghazali, shairi la mapenzi la Kiajemi, hubeba lakabu ya mtunzi katika beti la mwisho, lakini rubai ni mistari minne tu na haina nafasi hiyo, ndiyo maana hutangatanga: mnakili huikuta pambizoni, akaipenda, akaiingiza katika diwani aliyonayo mkononi. Mwaka 1897 mtaalamu wa Kirusi Zhukovsky alionyesha kwamba rubai 82 zilizohesabiwa za mshairi Omar Khayyam zimo pia katika diwani za wengine. Na msikimbilie kumpa Abu Said, kwa sababu kilembwe wake, Muhammad ibn Munawwar, aliyeandika habari zake, anasema beti alizozisoma sheikh zilikuwa za watu wengine, isipokuwa chache mno. Hata hivyo, mtaalamu wa Kiirani Said Nafisi alichapisha kwa jina la Abu Said rubai zaidi ya 700.

Mzee wa Tanga: Marahaba, binti. Mimi sikusema hati zichomwe, wala sipendi kufanywa adui wa elimu mbele za watu. Nimesema kwamba anayelia usiku kwa beti hizi haulizi mwaka.

Mpenda Hati: Alie, mzee wangu, hakuna anayemzuia. Mimi nazungumzia jina lililopigwa chapa chini ya kadi.

Binti Mvita: Na kwenye kadi hiyo, kumbe, waliandika «rudi» au «njoo»?

Mpenda Hati: Waliandika «njoo». «Rudi» ni yangu.