Mrejesho: safari yangu ya Tokelau

Ndugu zangu, nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kufika Tokelau, visiwa vya matumbawe vilivyo chini ya New Zealand. Nimekwenda na nimerudi salama.

Ushauri wa kuomba kibali na kutafuta mwenyeji kabla ya kukata tiketi ndio ulionifaa kuliko yote, kwa kuwa huko hakuna uwanja wa ndege na njia ni moja tu, meli itokayo Apia, Samoa, ambayo husafiri zaidi ya siku nzima. Dola taslimu za New Zealand pia zilinisaidia, maana mashine ya kutolea fedha haipo. Dawa ya kichefuchefu nilichelewa kuimeza, licha ya kuonywa, nikalipia kosa hilo usiku kucha nikiwa nimekumbatia ndoo.

Bandari nayo haipo: abiria huteremshwa kwenye mashua, nahodha akasubiri wimbi linalofaa, kisha akapenya upesi katika mlango mwembamba uliochongwa kwenye mwamba. Nilishuka Fakaofo na Nukunonu, viwili kati ya visiwa vitatu vya Tokelau, na Jumapili, kama mlivyonitahadharisha, nilivaa kwa heshima nikaenda kanisani pamoja na wenyeji wangu.

Kisiwa cha tatu, Atafu, sikufanikiwa kufika, kwani ratiba ya meli ilibadilika na mimi sikuwa nimeacha siku za akiba. Atakayefuata ajiwekee walau wiki moja ya ziada kabla ya ndege yake ya kurudi kutoka Samoa.