Tachi ya kubonyeza na tachi ya kugusa: ipi inavumilia mikono yenye maji ya chumvi?

MchuuziTanga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ninauza samaki dikoni hapa Tanga, na tangu alfajiri mpaka adhuhuri mikono yangu inashinda kwenye maji ya chumvi na barafu. Wateja wengi siku hizi wanalipa kwa simu, kwa hiyo inanibidi niishike simu kila mara ili kuhakikisha kwamba pesa imeingia kabla mteja hajaondoka na samaki wake. Kwa miaka mingi nilitumia Nokia 5800, ambayo niliibonyeza kwa ukucha ikaitika hata kioo kikiwa na magamba juu yake. Ilipokufa nikanunua simu janja mpya, na sasa mikono ikiwa imelowa tachi ama haisikii kabisa, ama inajibofya yenyewe. Juzi nilikuwa namtumia mvuvi 15,000, skrini ikaongeza sifuri moja, nami nikaiona wakati tayari nimefika kwenye namba ya siri. Je, simu yangu ni mbovu, au ndivyo zilivyo zote? Na bado zinapatikana simu zenye tachi kama ile ya zamani?

FundiKariakoo

Waalaykum salaam dada. Simu yako si mbovu. Hizo ni tachi za aina mbili ambazo zinapima vitu viwili tofauti kabisa.

Nokia 5800, iliyotoka mwaka 2008, ilikuwa na tachi ya kubonyeza, ndiyo maana ilikuja na kijiti chake. Ukiifungua tachi hiyo mezani unakuta juu utando laini wa plastiki na chini kioo kigumu, vyote vimepakwa tabaka jembamba mno la oksidi ya indiamu na bati, ambalo linapitisha umeme bila kuzuia mwanga. Kati yake kuna uwazi mdogo wa hewa, uliotenganishwa kwa vidoto ambavyo havipitishi umeme. Unapobonyeza, utando unabonyea mpaka unagusana na tabaka la chini. Simu inaweka volti kwenye tabaka moja na kuisoma kupitia jingine, kwanza kwa ulalo kisha kwa wima, na hapo inajua umebonyeza wapi. Ukucha, kalamu, hata mwiba wa samaki, kwake ni sawa.

Simu yako ya sasa ina tachi ya kugusa, ambayo haipimi mgandamizo. Chini ya kioo chake kuna wavu wa mistari isiyoonekana yenye umeme kidogo sana, na kwa kuwa mwili wa binadamu unapitisha umeme, kidole kikikaribia kinabadilisha hali ya umeme huo pale mistari inapokutana. Maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme vizuri. Yakitanda juu ya kioo, chipu inaona eneo pana limebadilika na haiwezi tena kutambua kidole kiko wapi.

Baharia_wa_Zamani

Basi waliotengeneza simu walitukosea sana sisi tunaofanya kazi za mikono, kwa kuiacha tachi iliyofanya kazi na kutuletea mpya isiyovumilia hata tone la maji. Ningekuwa wewe mwanangu, ningetafuta 5800 nyingine iliyotumika.

MwalimuWaUmeme

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nirekebishe jambo moja kwa heshima: hii tunayoiita mpya ndiyo yenye umri mkubwa zaidi. E. A. Johnson aliieleza kwa maandishi mwaka 1965, akiwa katika taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, ilhali ile ya kubonyeza ilitokana na kazi ya Samuel Hurst na wenzake wa Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye simu, mambo yaligeuka mwaka 2007 ilipotoka iPhone, kwa sababu watu walitaka kukuza picha kwa vidole viwili, na tachi ya kubonyeza ya kawaida inatambua mguso mmoja tu kwa wakati mmoja. Isitoshe, matabaka yake yanapunguza mwanga, na juani picha inafifia. Hata hivyo, kwenye mashine za viwandani, ambako watu wanavaa glavu nene, bado inatumika.

FundiKariakoo

Naungana na mwalimu, na ninamsihi dada asinunue 5800 iliyotumika. Utando ule wa juu unachoka pale panapobonyezwa kila siku, hasa kwenye vitufe vya namba. Tabaka lake linapata nyufa, kisha ukibonyeza 5 inakuja 8. Kwa mtu anayetuma pesa, hilo ni baya kuliko maji. Nokia Asha 305 ya mwaka 2012 nayo ilikuwa ya kubonyeza, lakini vioo vyake vizima sivioni tena.

Fungua mipangilio uone kama sehemu ya kuongeza unyeti wa mguso imewashwa. Imewekwa kwa ajili ya wenye glavu na protekta nene, na ikiwashwa maji yanaisumbua tachi zaidi. Tena usitume pesa simu ikiwa kwenye chaja ya bei ya chee, kwani umeme wake usiotulia unaifanya tachi iruke hata kwa mikono mikavu.

MchuuziTanga

Mungu awabariki nyote. Unyeti niliukuta umewashwa, nami nimeuzima. Leo asubuhi skrini haikujibofya hata mara moja, ingawa haikusikia kidole mpaka nilipokifuta kwa khanga pamoja na kioo chenyewe. Laini ya biashara nimeihamishia kwenye kitochi cha vitufe, kwa sababu ninachohitaji dikoni ni ujumbe wa pesa kuingia na menyu ya M-Pesa ya *150*00#, na vitufe vyake ninavibonyeza kwa ukucha kama nilivyozoea.