MJADALA: Viboko shuleni vinamfunza mtoto au vinamzimia ubongo?

Ngamani
Wadau, kanuni zetu Tanzania bado zinaruhusu viboko shuleni. Kenya walifuta 2001, Uganda wakafuata kwa sheria ya 2016. Hoja yangu ni ya ubongo, si ya huruma. Mtoto akiona fimbo, amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, inashtuka kabla yeye hajafikiri lolote. Sekunde chache tu, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini: moyo mbio, viganja jasho. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, inafuata nyuma. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshikilia namba mbili tatu kwa pamoja ili ajumlishe, inalegea. Tunamchapa asome, huku tunazima kile anachosomea. Tufute au tubaki navyo?

Mpiga Chaki
Mkuu, hayo yameandikwa na mtu asiyejua darasa la watoto 90 linavyonguruma. Halafu umekosea. Adrenalini ndiyo inayochoma kumbukumbu kichwani. Nani amewahi kusahau siku aliyoumwa na nyoka? Watafiti Yerkes na Dodson walishaonyesha 1908: presha ikipanda, kujifunza kunapanda. Na kanuni inasema sita, si mchezo. Hao Wakenya unaowasifia, tangu waache fimbo mabweni yao hayaishi kuungua.

Tabibu wa Bara
Mwalimu, ya 1908 umeishika nusu. Panya walitakiwa waingie kisanduku cheupe, waache cheusi. Wakikosea, shoti ya umeme. Mwanga ulipokuwa mzuri na rangi zinaonekana wazi, shoti kali iliwaharakisha. Mwanga ulipopunguzwa, kutofautisha kukawa kugumu, shoti kali hiyo hiyo ikawachelewesha. Kunyamaza darasani ni kazi rahisi, fimbo italeta matokeo. Kugawa sehemu kwa sehemu ni kisanduku chenye mwanga hafifu.

Na aliyeumwa na nyoka anamkumbuka nyoka. Mtoto atakumbuka fimbo na sura yako. Kilichokuwa ubaoni hakimo. Isitoshe, adrenalini ya kwenye damu kwa kawaida haivuki kuingia ubongoni.

Mpiga Chaki
Haivuki? Basi mada nzima imekufa, maana mleta mada ameanza na adrenalini.

Ngamani
Sikusema inavuka! Nilisema inamwagwa. Rudia kusoma.

Tabibu wa Bara
Haihitaji kuvuka. Adrenalini inagusa neva ya vegasi, ile inayoshuka kifuani hadi tumboni. Neva hiyo inapeleka habari kwenye shina la ubongo, na huko ndiko noradrenalini, ndugu yake adrenalini, inapotolewa, ikaifikia amigdala. Ndiyo maana dawa ya propranolol, inayoziba vipokezi vya noradrenalini (milango inayoipokea), hupunguza ule ukali wa kumbukumbu ya tukio la kutisha. Noradrenalini ya kiasi huisaidia sehemu ya mbele ya ubongo ifanye kazi. Ikizidi, inashika vipokezi vya aina nyingine na sehemu hiyo inajitoa. Kemikali ni ile ile, kipimo ndicho kimebadilika. Kwa hiyo "presha kidogo inasaidia" ni kweli, ila fimbo si presha kidogo.

Mpiga Chaki
Kipimo cha noradrenalini nitakipimia wapi, kwenye chaki?

Tabibu wa Bara
Mtazame mtoto. Akikosea hesabu aliyoipata jana, akirudia herufi anazozijua, sauti ikikwama, kipimo kimeshazidi. Kuongeza fimbo hapo ni kuongeza kosa.

Mwana Kwale
Kaka Mpiga Chaki, mimi nimekwama pale pa mabweni. Shule ya wasichana ya Bombolulu, Kwale, 1998, wasichana 26 walikufa motoni. Bakora ilikuwa halali Kenya wakati huo, marufuku ikaja miaka mitatu baadaye. Usichukue maiti za watoto wetu ukazifanya hoja.

Mpiga Chaki
Sikutaja Bombolulu. Nazungumzia utovu wa nidhamu wa sasa.

Mwana Kwale
Ulisema "tangu waache fimbo". Ni maneno yako.

Bint Sheria
Na sita umeitoa wapi, Mwalimu? Ni vinne, visizidi, tena kwa kosa zito. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Mkononi au makalioni juu ya nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda awe hayupo shuleni. Kila tukio liandikwe kitabuni. Mwalimu wa zamu anayechapa wachelewaji getini bila idhini hiyo yuko nje ya kanuni anayoitetea.

Fundi Ratiba
Hapo getini ndipo penye hasara. Kotisoli hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko. Mtoto kachapwa saa moja na nusu asubuhi, saa mbili kamili anaingia kipindi cha kwanza, na huenda kipindi hicho ni Hisabati. Kotisoli ikiwa juu, kutoa kichwani alichokwisha kujifunza ndiko kunakoathirika zaidi. Anaulizwa saba mara nane, anabaki kukodoa macho, anaitwa mzembe, anachapwa tena.

Mpiga Chaki
Basi Hisabati iende kipindi cha tatu. Mbona rahisi.

Tabibu wa Bara
Kotisoli kushuka kunaweza kuchukua saa nzima na zaidi, kwa hiyo cha tatu ni afadhali. Lakini mchelewaji andikwe jina, adhabu yake ya kufagia isubiri mapumziko. Darasani, swali la kwanza wajibu kwa maandishi, wawili wawili, kabla hujamnyooshea mtu kidole. Ukiuliza, hesabu moja hadi tatu kimya kimya ndipo umtaje jina. Walimu wengi hawangoji hata sekunde mbili.

Bint Sheria
Na anayetembea kilomita saba kuja shule, kufagia ni kwa kosa gani?

Mpiga Chaki
Cha tatu nakubali, hata kesho naongea na mtaaluma. Fimbo sijasema naiacha.

Mwana Kwale
Nami bado nasubiri ufute ile sentensi ya mabweni.