Je, kila nyumba mpya ilazimishwe kuvuna maji ya mvua?

Mtoa hoja: Napendekeza halmashauri zisitoe kibali cha ujenzi kwa nyumba yoyote ambayo ramani yake haionyeshi gata na tangi la maji ya mvua. Mgawo ulioikumba Dar es Salaam mwezi Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, ulitosha kutuonyesha hatari ya kutegemea mto.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa hoja, mfano wako unakusuta, kwani mto ule ulipungua kwa kukosa mvua, na tangi la nyumbani nalo hujazwa na mvua hiyohiyo. Uvunaji wenyewe siupingi. Ninachopinga ni sharti moja kwa nchi nzima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 60 jijini Dar es Salaam, ambako mvua ya mwaka kwa kawaida huzidi milimita 1,000, hupokea zaidi ya lita 60,000, na kwa kuwa kuna masika na vuli, tangi hupata nafasi ya kujaa tena. Dodoma hupata chini ya milimita 600, kwa msimu mmoja tu, na kuanzia Mei hadi Novemba karibu hakuna kitu. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia dumu moja la lita 20 kwa siku, huhitaji zaidi ya lita 21,000 kuvuka miezi hiyo. Nani atamuuzia mjenzi wa vyumba viwili tangi la ukubwa huo kwa bei anayoimudu?

Mchangiaji wa pili: Hesabu naikubali, ila mwenzangu anataka tangi litosheleze kila kitu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ambaye kisima cha jirani kina chumvi, na ambaye mgawo ukianza hununua maji ya boza kwa bei ya mwenye boza, lita 5,000 zikitengwa kwa kunywa na kupikia tu, lita 25 kwa siku, hudumu siku 200. Tangi lililojaa mwishoni mwa Mei lingemvusha hata Oktoba ile, ilimradi maji ya mvua ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe, na ya kunywa yachemshwe. Kinachonitatiza ni wapangaji: sharti la nyumba mpya haliwagusi waliopanga katika nyumba za zamani za Manzese au Buguruni, ambako kaya kadhaa huishi chini ya paa moja na mwenye nyumba, akiwa anaishi kwingine, hana kinachomsukuma kununua tangi.